Sahihi Iliyokataliwa na Mashine

Siku ile naikumbuka, mwanangu, ingawa ningependa kuisahau. Nilikuwa kijana, fundi wa kompyuta katika ofisi ndogo hapa Baraka, kando ya ziwa, iliyowatafutia wazazi watoto waliopotezana nao vitani. Kompyuta yetu iliendeshwa kwa mfumo wa Linux, na majina yote yalikaa humo. Nakala nyingine sikuwa nayo. Ulikuwa uvivu tu.

Intaneti ilikuwa shida, kwa hiyo programu mpya zilitujia kwa boti kutoka Uvira, ndani ya diski, kama barua. Asubuhi ile mashine ikazikataa. Iliandika kwamba sahihi si halali, yaani ile alama ya kuthibitisha kuwa programu imetoka kweli kwa walioitengeneza. Papa Saidi, mkuu wangu, alinikuta nikiandika amri ya kuilazimisha ipokee bila kukagua.

"Acha kwanza," alisema. "Ile diski ilipita mu mikono ya banani?"

"Ni Amisi alileta, Papa. Mi namujua, ni jirani."

"We unamujua Amisi. Benye balimupatia, unabajua?"

Kuwajua wote walioishika diski? Nilimcheka moyoni. Alipotoka tu, nikabonyeza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema, lakini guu nililolivunja mimi halikuwa langu. Kumbe programu zilikuwa zimechezewa njiani; kufika adhuhuri mashine ilikuwa imekufa, na majina yote yamekwenda nayo.

Jumatatu akaja Mama Nyota. Juma lililotangulia nilikuwa nimempelekea habari kwamba binti yake ameonekana, yuko hai kwa watu fulani upande wa Tanzania. Jina la kijiji lilikuwa mle kwenye mashine tu, na aliyetuletea habari alikwisha hama.

"Ulisema mutoto iko," aliniambia. "Iko wapi?"

Nilimwonyesha mashine iliyokufa. Alivuka ziwa, akatafuta kijiji kwa kijiji miaka mitatu, akarudi peke yake. Tulikutana sokoni mara nyingi hadi alipofariki, na kila nilipomwamkia aliitika kwa adabu. Hiyo adabu iliniumiza kuliko matusi.

Mwanangu, mashine ikikataa sahihi, usishindane nayo. Tazama saa yake kwanza, maana betri ikifa tarehe hurudi nyuma, na sahihi njema huonekana mbovu. Saa ikiwa sawa, chukua funguo mpya za kukagulia sahihi kwa wenye programu wenyewe, upakue upya. Ikikataa tena, baki na programu ya zamani. Na majina ya watu yaandike mahali pawili, hata kwenye daftari.

Mungu akupe subira ambayo mimi sikuwa nayo, na akuepushe kusimama mbele ya mzazi ukiwa huna la kumjibu.