Mfungo wa Mdogo Wangu

Mdogo wangu alipoacha kula, mama alisema anafunga kwa ajili ya maombi. Mimi niliumia roho. Katika kanisa letu hapa Mangobo, msichana anayefunga bila kujitangaza ndiye wa kuigwa, na mama alianza kumwonyesha kila jirani aliyepita mlangoni: "Muangalie huyu mutoto, hata kusema hasemi. Iko na Mungu wake." Mimi niliyekuwa nyuma ya nyumba nikiponda ndizi zilizochemshwa ziwe lituma, jasho likinichuruzika, nani aliniona? Mutu hata mumoja.

"Yaya yake, yeye iko anakula tu," mama aliongeza, akinisema mimi mkubwa wake, na wale wamama wakacheka. Bon, nilikula. Nilikula na fungu lake pia, kwa hasira.

Nikaanza kumchunguza mtakatifu wetu nikitafuta kosa. Mate aliyameza kwa shida, uso ameukunja, na chini ya kidevu alikuwa amevimba. Moyoni nilifurahi, nikidhani anaficha chakula mdomoni. Asubuhi moja nikamvizia akinywa maji, yakamrudia puani. Nikamshika taya. "Fungua, mutakatifu."

Harufu iliyotoka ilinirudisha nyuma. Ulimi ulikuwa umejaa mdomo mzima, una usaha, na katikati kipini cha chuma kimezama nyamani. Kumbe alikuwa ametobolewa ulimi kwa msusi fulani, kwa sindano ile ile waliyotobolewa nayo wenzake. Mfungo gani tena huo? Hata kupumua alikuwa anapumua kwa kukoroma.

Nilimpakia kwenye pikipiki, katikati yangu na dereva, mpaka hospitali moja kule Makiso. Daktari alikitoa kile kipini, akamkata chini ya kidevu usaha utoke. Alituambia ugonjwa ulikuwa unashuka shingoni, na uvimbe ungeziba njia ya hewa. Mdomo una vijidudu vingi, alisema, kidonda cha ulimi si cha kuchezea. Jino moja la mbele nalo lilikuwa limeshamegeka kwa kugongwagongwa na kile chuma. Mama alitufuata, akakaa kitandani akimpangusa mate, wala hakuniuliza kama nimetia kitu tumboni tangu asubuhi. Hapo napo niliona wivu, nisiseme uongo.

Siku alipoweza kusema, mama alikuwa ametoka kuchota maji. Nilimfokea: kwa nini ulinyamaza na ulimi unaoza, ulitaka kufa?

"Yaya, nilitaka kusema mapema," alinijibu, maneno yakimtoka kwa taabu. "Lakini mama akanisifu mbele ya watu. Hajawahi. Nikasema, bon, nivumilie, kesho atanisifu tena."

Nilimvutia shuka mabegani. Mimi pia ningenyamaza.