Mkono wa Binti Si wa Maonyesho

Mshona sare hakuwa mtu wa kunyamaza. Akiwa kwenye cherehani yake alitaniana na kila mteja, huku kola za mashati ya shule zikipita chini ya sindano kama mchezo. Kanisani tu ndiko alikokuwa mnyonge.

Sababu ilijulikana na wote. Zamani, enzi za ulevi wake, alilala fofofo mchana kweupe, na bintiye aliyekuwa anajifunza kutembea akavuta sufuria ya maji ya moto. Mkono wa kushoto uliungua hadi kwenye kiwiko. Mama mtu akaacha pombe, akaungama mbele ya kanisa zima, akabatizwa. Mchungaji akamwambia, "Dada, hilo limeisha."

Limeisha? Thubutu! Kila walipokuja wageni, mwenyekiti wa akina mama alimwita mbele: "Hebu waeleze Mungu alikokutoa." Naye, kwa kudhani ndiyo shukrani, aliisimulia ile sufuria upya, wageni wakitikisa vichwa. Akirudi nyumbani, sahani yake aliisukumia bintiye.

Jumapili moja mwenyekiti akaongeza la kwake. "Na binti naye asimame. Pandisha mkono, mwanangu, wageni waone."

Binti, sasa msichana wa sekondari, aliinamisha uso, akaanza kukunja mkono wa sweta. Mama yake akamzuia.

"Shusha, mwanangu. Usimwonyeshe mtu."

"Ni ushuhuda tu, dada yangu," mwenyekiti akatabasamu.

"Ushuhuda gani huu wa kumvua mtoto wa watu nguo? Mungu alinisamehe siku ileile, nyinyi mnanifungulia kesi kila mkipata wageni! Kama damu ya Yesu ilitosha, mnanidai nini tena? Kama haikutosha, semeni hapa hapa, tufunge milango kila mtu aende kwake!"

Mchungaji akainamia Biblia yake. Mshona sare akamshika bintiye mkono, wakatoka.

Njiani binti akasema, "Mama, mimi nilishakusamehe zamani. Nilichoka tu kukusikia ukijisema."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unapenda."

Hilo lilimchoma kuliko yote. Alilia kwa hasira barabarani, bila kujali nani anamtazama.

Siku chache baadaye mchungaji alimfuata kazini. "Nilikuwa naona, nikanyamaza. Nisamehe."

"Ndicho kinachoniuma. Uliona." Alimalizia mshono, akakata uzi kwa meno. "Nimekusamehe. Wala sitakukumbusha tena, si mbele ya wageni, si mbele ya nani."

Mwenyekiti hakuja. Wakikutana mlangoni mwa kanisa hugeuza uso, kana kwamba yeye ndiye aliyekosewa. Mshona sare humsalimia vilevile, kisha huenda kukaa na bintiye safu ya mbele, akaimba kwa sauti mpaka wanakwaya wanageuka.