Protini Iliyokataa Kushuka Bei

Pale Malaba, mpakani, mtu akikubali bei ya kwanza tunamuuliza kama ana homa. Kwa hivyo daktari aliposema kuna protini imepanda kwenye damu ya kaka yangu, nilimwomba aisome hiyo namba mara ya pili, halafu nikamwambia, "Daktari, hiyo iko juu sana. Shusha kidogo."

Kaka, dereva wa lori mwenye saratani ya mapafu, alicheka mpaka akakohoa. Daktari akaeleza kwamba protini hiyo ni dalili tu: huenda saratani imesambaa, huenda haijasambaa, na picha ndiyo itakayosema.

"Basi tuseme haijasambaa," nikasema, "tumalize hiyo maneno."

"Mzee, hapa hatuuzi nyanya."

Picha ilipotoka, daktari alimtazama kaka, si mimi. Saratani ilikuwa imefika kwenye ini.

"Imevuka hivyo tu?" kaka akauliza. "Na sisi tunalala barabarani tukingoja foleni isonge!"

Nilifungua mdomo nianze kupatana bei tena. Kaka akanigonga goti.

"Boss, wewe leo pumzika. Daktari, dawa naanza lini?"