Sikio la Papa Hippolyte

Papa Hippolyte wa Mudzipela, hapa Bunia, alikuwa fundi wa radio, na kabla ya kufungua yoyote alinyamazisha watu wote, akaiwekea sikio. Hata askari wenye bunduki walinyamaza, haki ya Mungu! Siye tulimucheka. Miye Chantal nilicheka kuliko wote, mpaka ile asubuhi ya mwaka 2003.

Kazi yangu ilikuwa kuandika ndani ya ordinatere, ndiyo kompyuta, majina ya watoto waliopoteana na wazazi katika vita. Karatasi zetu zilikuwa zimeporwa, majina yalibaki ndani ya ile mashini tu. Mama Emérance alikuja kuuliza binti yake Glodie iko wapi. Motokari ya kupeleka wazazi Ariwara, kule watoto wengi walikimbilia, ingeondoka saa sita, na bila adresi ya mahali mutoto iko hakuna kupanda. Nikaandika "Glodie". Mashini ikajibu: "Hauna ruhusa ya kuona orodha hii."

Siku zile Bunia ilijaa vizuizi, kila kona mutu anakuuliza weye wa kabila gani. Mama Emérance akaanza kulia: "Ni juu ya kabila yangu."

Miye damu ikanipanda. Nikamuvamia chef Athanase, mukubwa wetu wa kazi: "Umenifungia kazi! Sema mbele ya huyu mama!" Maskini, hata kuwasha mashini hakujua. Akaenda mwenyewe kumuita Hippolyte.

"Munyamaze," Hippolyte akasema, akaweka sikio. "Mama, hakuna mutu amekukataza. Diski yenye kuchunga majina inakwaruza. Mashini inashindwa kusoma, inasingizia ruhusa."

"Kumbe inasema uongo?" nikauliza.

"Haijue ugonjwa wake, inagombeza watu. Kama weye, Chantal."

Aibu gani! Akaizima, ikapoa, akaiwasha tena. "Nakili mbio, usiguse kingine!" Nikajaza disketi nne, majina yote, kisha diski ikafa kabisa. Glodie alikuwa katika ya tatu: Ariwara, kwa mama Claudine, nyuma ya soko. Mama Emérance alikimbilia motokari na kiatu kimoja. Miye nikaenda kuomba Athanase musamaha.

Kisha siku nne kupita, Mama Emérance akarudi na mutoto. Hippolyte akatunyamazisha wote, akaweka sikio juu ya kichwa cha Glodie, akasikiliza sana.

"Huyu haikwaruze hata kidogo," akasema.

Mama Emérance akacheka mpaka akakaa chini, na siye wote tukalia.