Hita ya Wageni

Sheria ilikuwa yangu, na niliitangaza mwenyewe jikoni nimeshika kiuno: hita inawashwa saa moja asubuhi binti yangu akijiandaa kwenda shule, inazimwa akitoka mlangoni, inawashwa tena jioni kwa muda wa kupika na kula. Basi. Zaidi ya hapo ni kuvaa sweta. Bili ya gesi ilishanitoa jasho kuliko hita yenyewe. Binti yangu akabetua midomo, lakini hakubisha.

Mwaka huo mama yangu alikuwa amekuja kutoka Lushoto. Baba alifariki miezi michache kabla, nikamwombea mama viza aje akae nami hapa Edmonton, kaskazini mwa London, kwa miezi sita. Kwenye simu nilimwambia maneno matamu: hapa ni kwako, mama, huji kama mgeni. Na nilimaanisha. Kitu kimoja tu nilichokitaka kwa moyo wote ni ajisikie yuko kwake, ili hata akirudi ajue kwamba pamoja na msiba uliompata ana nyumba nyingine huku.

Kwa kuwa hakuwa mgeni, sheria ya hita ikamhusu. Hapo ndipo akili yangu ilipokwenda kombo, na wakati huo niliona nimefikiri vizuri. Kwetu mgeni ndiye anayechinjiwa kuku na kutolewa vikombe vya kabatini. Mtu wa nyumbani anakula kilichopo. Nilimwonyesha mama kile kidude cha ukutani cha kupangia joto, nikamwambia, "Hiki usikiguse, mama, kina mambo yake."

"Sikigusi, mwanangu," akasema.

Mwanamke aliyelea watoto saba, na mimi namkataza kugusa ukuta.

Siku ya pili alijisemea mwenyewe, "Baridi naijua mimi. Lushoto si Dar es Salaam." Neno hilo nililidaka haraka, nikaligeuza kuwa ruhusa. Sikutaka kukumbuka kwamba baridi ya kwetu hukaa nje. Jikoni kwa mama kuna moto wa kuni tangu alfajiri, naye hushinda kando yake akichambua mboga na kupokea watu.

Kazi yangu mimi ni kutunza wazee majumbani mwao. Kila asubuhi naenda kwa bibi mmoja wa Kiingereza, mtaa wa tatu kutoka kwetu. Nikiingia, kabla hata sijavua koti, namshika mikono. Ikiwa ya baridi naongeza hita, namfunika miguu, namtengenezea chai, halafu naandika kwenye daftari lake kwamba chumba kilikuwa baridi na nimekipasha joto. Ndivyo tulivyofundishwa, na siku ya mtihani nilijibu maswali yote sawasawa. Mchana narudi nyumbani namkuta mama yangu sebuleni amevaa sweta na koti langu la zamani, kofia ya sufu kichwani na khanga juu ya kofia. "Umerudi, mwanangu," ananiambia. "Pole na kazi." Mimi naitikia, napita moja kwa moja jikoni. Mama yangu sikuwahi kumshika mikono. Nadhani nilijua nitakachokikuta.

Jioni moja binti yangu alishuka ngazi akaniambia, "Mum, Bibi is freezing."

"Bibi yako ametoka milimani," nikamjibu. "Wewe ndiye uliyedekezwa."

Kisha ikafika zamu yangu ya jumuiya. Sisi kina mama tunaosali kwa Kiswahili, Watanzania, Wakenya na Wakongomani, huwa tunakutana Jumamosi moja kila mwezi, nyumba kwa nyumba. Safari hii walikuwa wanakuja pia kumpa mama pole ya msiba. Nilipika pilau, nikatoa vikombe vya kabatini. Na tangu saa nne asubuhi nikawasha hita nyumba nzima, mpaka chooni, maana sikutaka mtu atoke kwangu akasimulie kwamba ameketishwa kwenye friji. Walipogonga mlango saa nane, vioo vya madirisha vilikuwa vimeshafunikwa na mvuke.

Walimpa mama shikamoo mmoja mmoja, wakamkalisha katikati ya kochi. Wimbo wa kwanza ulipokwisha, mama akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka magotini. Neno liliposomwa akavua sweta. Tulipofika kwenye chai akavua sweta nyingine, na chini ya hiyo ikatokea ya tatu ambayo hata mimi sikujua kama anaivaa, sweta ya shule ya binti yangu, yenye nembo kifuani. Ikavuliwa nayo. Rundo magotini mwake likafika kidevuni, na wanawake wawili wakaanza kucheka kwa upole, wakidhani ni mambo ya ugeni.

Mwenyekiti wetu, mama mmoja wa Kikenya, akamuuliza, "Mama, hii weather ya London imekusumbua sana, ama?"

"Aa, leo ni raha kabisa," mama akasema, uso umemchangamka. "Njooni hata kesho, wanangu. Mkija ninyi ndiyo tunawashiwa."

Hakunisema. Mama yangu hana vijembe, na angekuwa navyo ingekuwa nafuu, ningejua pa kujitetea. Alikuwa anawakaribisha watu tu, anawapa sifa kwamba wamekuja na joto. Mtu mmoja akaikoroga chai aliyokwisha kuikoroga. Mwenyekiti akanitazama mara moja, akahamishia macho kwenye sahani yake. Nusu ya wale wanawake wanafanya kazi kama yangu, wanajua daftarini huandikwa nini. Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka moto.

Lakini kinachonitesa zaidi si hicho. Kabla ya aibu ilikuja hasira, na niliielekeza kwa mama. Nikawaza, kwa nini ananiumbua mbele za watu? Nikasema kwa sauti kwamba boila ya hita ilikuwa mbovu, fundi ametengeneza juzi. Nilidanganya Biblia ikiwa wazi mezani, na mama akaniangalia, akakubali kwa kichwa ili uongo wangu usimame.

Waliondoka saa kumi na moja. Mwenyekiti alinishika bega mlangoni akaninong'oneza, "Sisi sote tunabana, dada." Huruma ile iliniuma kuliko kama angenikemea. Nikafunga mlango nikiwa nimeshaamua kwamba hita haizimwi tena mpaka mama aondoke, na nikarudi sebuleni kumwambia.

Nilimkuta amesimama katikati ya chumba, jasho likimtoka puani, anavaa. Sweta ya shule, ile ya pili, ile ya juu.

"Mama, unafanya nini? Bado kuna joto."

"Wageni wameshaondoka," akasema. "Najiandaa mapema, nisikusumbue."

Nikamwambia haizimwi. Nikamwambia itawaka mchana kutwa, leo na kesho na siku zote, na kile kidude akiguse atakavyo. Sauti yangu ilikuwa imepanda, kana kwamba namgombeza.

"Haya, mwanangu," akasema. "Wewe ndiye mwenye nyumba." Na akafunga kifungo cha juu cha koti.