Seshwari Iliyobagua Mapasa

Kabla ya kuzaa mapasa nilikuwa muntu mutulivu. Nilikuwa na diplome yangu ya Leta, ya kumaliza sekondari, bwana yangu, vyumba mbili, na hasira ya kawaida, ile ya kupanga foleni ku mayi. Kisha bakafika babili kwa mara moya, mwanamuke na mwanaume, na mama mukwe akakuya kutoka Pweto na kitunga ya samaki ya kukauka. Alisema atakaa juma mbili. Batoto sasa beko na miezi saba na angali anatafuta usafiri.

Kwetu mapasa si batoto ya kuchezea. Kila kitu sawasawa, na saa moya. Ukinunulia mumoya soksi, unanunulia na mwenzake. Ukikemea mumoya, unakemea na mwenzake, hata kama analala. Usipofanya vile, yule uliyemupunja anakasirika, anagonjwa, ao anaamua kurudia kule alikotoka. Njo bazee banavyosema, na mi sikubishana, juu ku sekondari habakutufundisha kubishana na mama mukwe. Siku alifika alibatolea kila mumoya samaki yake, na kabla ya kutoa alizipima kwa kidole, toka kichwa mpaka mukia, zisipitane. Batoto balikuwa na siku kumi na moya. Meno, hakuna.

Mu miezi ya mvua manguo haikauki. Na kuko ile inzi inayotaga mayai mu nguo ya majimaji, mutoto anaivaa, yai inageuka funza mu ngozi yake. Pasi inaua yale mayai, lakini pasi inataka umeme, kuran, na kuran ya mutaa yetu inatembea kama bwana mulevi, haisemi saa ya kurudi. Mu mwezi wa Desemba mutoto mwanaume alitoka mafunza tano mu mugongo. Dada yake, hata moya. Mi nilisema ni inzi. Mama mukwe alisema ni mimi, juu nilitangulia kuanua manguo ya dada yake.

Ile siku njo tulianza kuenda laveri, nyumba ya kufulia ya papa mumoya wa Kasai, ambamo muntu anajifulia mwenyewe na grupu ya kutoa umeme inanguruma mu kiwanja. Alikuwa na seshwari mbili ya zamani, mashini za kukausha, na kila moya ilikuwa na kifungo cha kuzungusha. Unazungusha, inatembea dakika makumi ine. Weka blanketi, dakika makumi ine. Weka leso, makumi ine. Kisha inalia kengele. Mi nilikamata kifungo moya, mama mukwe ingine, tunahesabu moya, mbili, tatu, na kengele mbili zinalia pamoja. Mama mukwe alipenda zile mashini kuliko alivyonipenda. Siku moya nilimusikia anazisalimia.

Asubui ya batizo, mutoto mwanamuke akatapikia robe yake, gauni nyeupe ya dantele.

"Tufule," mama mukwe akasema. "Na kostime ya mwanaume."

"Kostime haiko chafu, mama."

"Tufule."

Batizo ilikuwa kisha midi, saa sita ya muchana, na padri yetu hangoji muntu, hata maiti. Nilifunga mutoto mumoya mu mugongo, yeye mwingine, tukakimbia.

Ku laveri, papa alikuwa amevaa kravati ku shingo. Nyuma yake kulikuwa mashini mbili mupya, na milango ya vioo kubwa ambamo mbuzi angepita bila kuinama.

"Zile zingine ziko wapi?" mama mukwe akauliza, na sauti ya kuulizia marehemu.

"Nilizitosha mu nyumba, mama. Hizi ziko na akili. Hakuna tena kuhesabu saa. Inapima yenyewe, nguo ikikauka, inasimama."

Tulifula mbio, tukakamua. Tuliweka robe huku, kostime kule. Moya, mbili, tatu. Dantele ni kitu ya bure, matundu tu. Hatukumaliza hata kukaa, mashini ya mwanamuke ikaimba kawimbo kadogo, ikasimama. Ya mwanaume ikaendelea kuzunguka.

"Juu ya nini hii imenyamaza?"

"Imekauka, mama," nikajibu.

"Na ya ndugu yake?"

"Bado."

Aliniangalia, akaangalia mugongo ya mwanaume, pale mafunza balikaa. Kisha akachukua kopo ya papa, ile ya kupimia sabuni, akajaza mayi ku robine, akafungua kioo, akaimwaga juu ya robe.

"Tuanze upya," akasema.

Tulianza upya. Sasa kostime ilikuwa imekauka nusu na robe inatiririka. Ya mwanaume ikaimba ya kwanza. Kopo. Mara ya tatu, robe ikatangulia tena. Kopo. Papa alijifuta jasho na kravati.

"Mama, si makosa ya mashini. Kila nguo na uzito yake."

"Ulisema iko na akili. Ni akili gani, asubui inapenda mwanamuke, kisha inapenda mwanaume, kisha inarudilia mwanamuke? Ulinunua mashini ao ulileta bwana?"

Papa angeweza kumufukuza. Lakini hata kwao Kasai mapasa ni bafalme, na nani anataka mapasa bamukasirikie mu nyumba yenye grupu na mafuta? Foleni ilifika mu barabara. Mama mumoya mwenye beseni ku kichwa akaniuliza: "Mama mapasa, babatizwe leo ao siku ya ndoa yao?"

Na pale akili yangu nayo ikaimba kawimbo kadogo, ikasimama.

Lazima mujue: hakuna mukwe anayetukana mama ya bwana yake. Ni mwiko. Lakini mama ya mapasa, akiwa mu wimbo, anatukana muntu yeyote, na muntu yeyote anamutukana, na hakuna wa kukasirika, juu njo mapasa banafurahi. Nilipiga makofi, nikafungua kinywa.

"Mama mukwe, mama mukwe, kichwa yako seshwari ya zamani, inazunguka na leso moya."

Mama mukwe akaweka kopo chini. Akajifunga kitenge vizuri mu kiuno, na akajibu palepale, akicheza na mujukuu mu mugongo:

"Mukwe wangu, bukari yako ugali ya mawe tupu, bwana yako anaitafuna na nyundo."

Mama wa beseni akatosha beseni ku kichwa, akaipiga kama ngoma. Papa akaitika bila kupenda, kisha kwa kupenda. Tulitukanana meno, visigino, kukoroma. Mi niliimba yote ya miezi saba, hata ile samaki ya siku kumi na moya. Na mu ile hasira nikaimba: "Tumbo yangu ni moya, mama mukwe, tumbo moya, sikubakausha mbalimbali."

Akasimama mu katikati ya kucheza.

"Kweli," akasema, bila wimbo. "Tumbo ilikuwa moya."

Tulitupa robe na kostime mu mashini moya. Zilizunguka zikikumbatiana nyuma ya kioo. Ilipoimba, iliimba kwa bote. Moya, mbili, tatu, yeye akavuta kostime, mi nikavuta robe, na soksi ya mwanaume imeshikilia mu dantele. Tulifika ku kanisa padri akishavaa.

Padri akamwagilia mwanamuke mayi ku kichwa, mara tatu. Kisha akasimama kukohoa. Kikohozi kirefu, cha muzee. Niliona mama mukwe anamuangalia, anaangalia kichwa kikavu cha mwanaume, anafungua sakoshi yake ya mukono. Kopo ya laveri ikatoka, imejaa. Sijui aliijazia wapi.

Kabla padri hajamaliza kukohoa, kostime ya mwanaume ililoa toka kola mpaka soksi.

"Sasa beko sawasawa," akaninongoneza.

Nilichunguza. Mwanaume alikuwa anatiririka. Mwanamuke, mbali na kichwa, alikuwa mukavu kabisa mu robe yake.

Nilimunyanganya kopo. Ilikuwa imebaki nusu.