Mtama niliompelekea shangazi

Kosa ni langu. Nasema hivyo mwanzoni ili usije ukanionea huruma katikati ya habari.

Ninafanya kazi kwenye shamba la utafiti, Gitega. Tunazalisha mbegu za mtama ambao mtu anakula nafaka yake na kondoo anakula majani. Tuna zizi pale. Tunawalisha kondoo kila aina ya mtama, kisha tunapima kinyesi chao tujue tumbo limechukua nini na limeacha nini. Ndiyo kazi yangu. Tumbo la kondoo nalijua, kwa hiyo siwezi kusema sikujua!

Kila mtu pale anajua hili: mtama ukishavunwa, shina linachipua tena. Machipukizi hayo yakiwa machanga, hasa jua likiwa limeyachoma, yana sumu. Kondoo mwenye njaa akiyala, anakufa siku hiyo hiyo. Unasubiri yarefuke kwanza.

Tulitumwa vijijini kugawa mbegu za majaribio. Bukirasazi nilisema yote, pamoja na habari ya sumu. Lo! Watu wakarudisha mbegu mbele ya mkuu wangu. Niliona aibu sana.

Tulipofika Muyinga, kwenye kilima anakoishi shangazi yangu, nikalimeza lile neno la sumu. Nikasifia tu. "Ukivuna, unachipua tena, kondoo wanapata kula bure." Shangazi, aliyenilea kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, akanishika mkono mbele ya wenzake. "Huyu ni mtoto wetu," akawaambia. Wote wakachukua mbegu.

Kiangazi akanipigia simu. Kondoo wake wote wamekufa asubuhi ile.

"Walikula nini?" nikauliza.

"Yale machipukizi yako mazuri. Lakini si hayo, mwanangu. Wamewekewa sumu. Mama Furaha alipita jana akawalambisha chumvi."

Mama Furaha alikuwa jirani yake, Mkongomani wa Kivu ya Kusini, anauza ndagala, dagaa wakavu, sokoni. Nilijua papo hapo kilichowaua wale kondoo. Nikasema, "Pole, shangazi." Basi. Nikakata simu, nikaenda kula.

Nilipokwenda kumpa pole, uani kumejaa watu. Mama Furaha akaja mwenyewe. Watu walikuwa wameshaacha kununua kwake, na ndagala zake walizimwaga mavumbini.

"We dada," akaniambia, "we unajuaka mambo ya kondoo, kazi yako iko ile. Uwaambie basi! Mi niliwapatia chumvi tu, ile mi mwenyewe nakulaka."

Wote wakanigeukia.

"Mimi si daktari wa mifugo," nikasema.

Jamani! Ndivyo nilivyosema. Akaniangalia kidogo, akakaza kitenge chake, akaondoka. Haukupita muda mwenye nyumba aliyopanga akamtoa, yeye na watoto wake.

Nilikuja kumwambia shangazi ukweli mvua zilipoanza. Alikuwa anachambua maharage.

"Ulikuwa unajua, siku ile amesimama hapa?"

"Nilikuwa najua."

Akaendelea kuchambua. Nikaondoka bila kuaga, wala hakuniambia kaa. Nasikia alizunguka kilima kizima akiwaeleza watu, nyumba kwa nyumba, kisha akaung'oa mtama wote. Mimi hajanipigia tena.

Mama Furaha nimemtafuta soko la Muyinga. Kuna wanaosema alirudi Kongo, kuna wanaosema yuko kwenye kambi ya wakimbizi. Simu yake haipatikani. Mkuu wangu nilimweleza pia. Aliniondoa kwenye kazi za vijijini, nikabaki zizini.

Labda unangoja niseme nalia kila siku. Silii. Nalala vizuri, nakula, asubuhi natoka Nyamugari ninakoishi nakwenda kupima kinyesi cha kondoo. Nikijitafuta ndani sioni kitu. Hilo linanitisha, lakini hata hofu yenyewe ni ndogo.

Ninyi wenye mifugo, machipukizi machanga ya mtama msiwape kondoo! Ninyi mnaopelekea watu mbegu, semeni ubaya wake pamoja na uzuri wake, hata wakiwarudishia magunia. Na mtu asiye na hatia akisimama mbele yako akakuomba neno unalolijua, mpe hapo hapo! Mimi sasa nalisema kwa yeyote anayetaka kusikia, na Mama Furaha hayupo.